Jibu Kabla ya Ijumaa

Barua ilifika Jumanne, katikati ya bili ya umeme
na tangazo la jibini ya mbuzi.
Chuo Kikuu cha Tash-Suu. Mhadhiri wa kudumu.
Nililitazama neno *kudumu* kama mtu anavyoinua noti
juani, akiutafuta uzi.

Miaka kumi na mmoja nafundisha hapa Thesaloniki
kwa mikataba ya miezi tisa:
mimba kumi na moja, na hakuna mtoto.
Julai silipwi. Agosti simo. Septemba
naitwa tena, kana kwamba nilikwenda mahali.

Prodromo, mwenzangu wa ofisi
(ofisi ni yake, mimi nina kiti),
alikitafuta chuo hicho katika orodha ya vyuo bora.
Akateremka, akateremka, hadi kidole kikachoka.
"Evanthia, ukienda huko umejizika,
na kaburi lenyewe halina jina."
Jogoo la shamba haliwiki mjini. Sawa.
Na la mjini je, lililowika miaka kumi na mmoja
asiamke hata mtu?

Mama alifungua atlasi ya shule ya marehemu baba,
ya mwaka sabini na nne. Akavaa miwani.
Nchi hakuiona: wakati ule kote huko
kulikuwa na rangi moja ya waridi, imemwagika
mpaka bahari ya Japani.
"Wanakupeleka mahali pasipokuwapo," akasema,
akaenda kukaanga biringanya.
Baadaye, bila kugeuka: "Kuna baridi?"
Ipo, Mama. Ishirini chini ya sifuri.
Akaongeza chumvi. Akaongeza tena.
Biringanya ile haikulika.

Utaalamu wangu ni konokono wa nchi kavu.
Tafadhali usinieleze habari za nyumba mgongoni;
mashemeji wote wameshanieleza, harusini.
Konokono ukimvusha upande wa pili wa bonde
hafurahii safari. Huuziba mlango kwa ute
akangoja mvua anayoijua.
Wengine hungoja hadi wakakauka.
Nimewahesabu.

Mahojiano yalikuwa kwa kompyuta,
saa kumi na mbili asubuhi kwangu, saa nne kwao.
Mkuu wa kitivo, Bi Aichurek, alivaa koti ofisini.
Hakunificha kitu: mshahara mdogo,
darubini mbili, moja haina taa.
Akainua kompyuta anionyeshe dirisha:
mlima, theluji, na farasi wa mtu
amefungwa penye vyuma vya baiskeli.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Farasi alikuwa ameegeshwa, basi.

Ndipo msichana mmoja wa nyuma, mwenye shali ya kijani,
akasimama na Kiingereza chake cha kuokoteza:
"Chini ya mawe ya mto wetu wapo konokono.
Vitabuni hawamo. Mwalimu wa kwanza alituahidi,
akaondoka na barafu. Wa pili
alimaliza baridi moja.
Wewe, utakaa?"

Miaka yote hii nimeulizwa nimechapisha ngapi,
wapi, na nani amenitaja.
Hilo sijapata kuulizwa.
Nikasema mtandao unakatika.
Haukuwa unakatika.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, najua.
Kibali kila mwaka. Lugha ambayo hata *chumvi*
sijui huitwaje. Na Mama, ghorofa ya nne,
na lifti inayokwama.
Lakini hata hapa kamba ninayo,
ila nimeizoea hata nikaiita mguu.

Leo Alhamisi, usiku. Mama amelala, redio inasema peke yake.
Nimeandika *Nakubali*, nikafuta.
Nimeandika *Nasikitika*, nikafuta;
hilo lilichelewa zaidi kufutika.
Mwishowe nimemtumia Bi Aichurek sentensi moja,
ambayo si jibu:

Yule msichana wa shali ya kijani, anaitwa nani?

Kisha nimekwenda kuosha kikaango,
chumvi bado imegandamana pembeni.